Manyoya Laini na Mito ya Yorkshire

Miongoni mwa njia zote za kuvua samaki kwa ndoana, uvuvi wa nzi bandia ndio uliomtegemea ndege kuliko njia nyingine yoyote. Nzi bandia ni ndoana ndogo iliyovishwa uzi, unyoya wa ndege na pengine manyoya ya mnyama ili samaki aidhanie kuwa mdudu na kuidaka, na samaki aliyekusudiwa tangu mwanzo ni trauti, ambaye huishi katika maji baridi yaendayo kasi na hujilisha kwa wadudu wa mtoni. Wadudu hao huanza maisha yao chini ya mawe wakiwa tunutu, yaani wachanga ambao mabawa yao hayajakunjuka, kisha hupanda polepole hadi usoni mwa maji wakijivua gamba njiani, na wakati huo wa kupanda ndipo trauti huwala kwa wingi zaidi. Katika mabonde ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, na katika mito ya mpakani mwa Uskoti, wavuvi walikuza kwa vizazi vingi aina ya nzi bandia iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya wakati huo: uzi mwembamba wa hariri uliozungushwa kwenye ndoana, na mbele yake unyoya mmoja laini uliozungushwa mara mbili au tatu tu, basi. Wavuvi wenyewe waliwaita buibui. Historia ya nzi hao ni historia ya uteuzi, kwa kuwa kitu kilicho na sehemu mbili pekee hakina mahali pa kuficha kosa, na aliyekosea kuchagua unyoya au hariri alikuwa amekosea kila kitu.

Desturi yenyewe ya kufunga unyoya kwenye ndoana ni kongwe kuliko mabonde hayo. Claudius Aelianus, mwandishi Mrumi aliyeandika kwa Kigiriki mnamo mwaka 200 hivi baada ya Kristo, alieleza jinsi Wamakedonia walivyovua katika mto Astraeus, kati ya Beroea na Thesalonike, ambako samaki wenye madoa walikula mdudu aliyeruka juu ya maji lakini asiyeweza kutumiwa kama chambo kwa sababu akishikwa mkononi huharibika. Wavuvi hao walizungusha sufu nyekundu kwenye ndoana na kufunga juu yake manyoya mawili yatokayo chini ya undu wa jogoo, yenye rangi inayofanana na nta. Maelezo hayo ni mafupi, lakini tayari yanataja mambo ambayo kila mfungaji wa baadaye alilazimika kuyataja, yaani ndege, sehemu ya mwili wake, na rangi. Huko Uingereza, risala ya kwanza ya uvuvi wa ndoana kuchapishwa kwa Kiingereza ilitoka katika matbaa ya Wynkyn de Worde mjini Westminster mwaka 1496, ikiwa na orodha ya nzi 12 waliopangwa kwa miezi, na wa kwanza kati yao, wa mwezi wa Machi, alifungwa kwa sufu ya kijivujivu na manyoya ya kwale. Kwa hiyo kwale alikuwamo tangu ukurasa ule wa mwanzo, na hajatoka hadi leo.

Ili kuelewa kwa nini wavuvi wa kaskazini walimpenda kwale kuliko jogoo, ni lazima kuangalia unyoya wenyewe kwa karibu. Unyoya wa shingo ya jogoo mzima una uti mgumu, na nyuzi zinazotoka pande zake mbili ni ngumu pia, zinang'aa na hazinywi maji kwa urahisi, kwa hiyo ukizungushwa kwenye ndoana nyuzi zake husimama imara pande zote na zinaweza kuibeba ndoana juu ya maji. Unyoya mdogo wa mgongoni mwa kwale wa kijivu wa Ulaya, ajulikanaye kwa jina la kisayansi kama Perdix perdix, ni kinyume chake kabisa. Una urefu unaokaribia kucha ya kidole gumba au kuzidi kidogo, kitako chake kimejaa vinyoya vya kijivu visivyo na umbo, na nusu yake ya juu ina nyuzi za rangi ya kahawia zilizochorwa vistari vyeusi vilivyo vyembamba mno. Nyuzi hizo zikilowa hulegea, hujikunja kuelekea nyuma, kisha hufunguka tena mkondo unapopungua nguvu. Vile vistari huzifanya nyuzi zionekane kama zina viungo, na trauti anayetazama kutoka chini huona kitu chenye miguu inayotapatapa. Hakuna rangi wala kipimo kinachoweza kufidia mwendo huo, na wavuvi wa Yorkshire walilijua jambo hilo kwa kuona mtoni miaka mingi kabla halijaandikwa.

Utayarishaji wake unaonyesha jinsi uteuzi ulivyotangulia mikono. Vile vinyoya vya kitakoni hung'olewa kwanza, ikabaki sehemu yenye vistari; ncha ya unyoya hushikwa kwa vidole na nyuzi nyingine husukumwa nyuma zikasimama wima juu ya uti; halafu unyoya hufungwa kwenye shingo ya ndoana, ukazungushwa mara mbili, na kukazwa kwa hariri ileile iliyotengeneza mwili. Baadhi ya wafungaji huondoa nyuzi zote za upande mmoja ili nzi awe mwembamba zaidi. Urefu wa nyuzi hupimwa kwa macho dhidi ya ndoana, na kwa kawaida hautakiwi kupita sana mpindo wake. Kwa sababu hiyo unyoya mzuri ni ule unaotosha ndoana ndogo, na ndege mmoja, hata akiwa na maelfu ya manyoya, hutoa machache tu yanayofaa. Wakati wa kumpata ndege nao ulikuwa sehemu ya ujuzi, kwa kuwa ndege aliyepatikana majira ya kunyonyoka huwa na manyoya mafupi yaliyochakaa au mapya yasiyokomaa, ilhali yule wa majira ya baridi huwa na vazi kamili lenye rangi iliyotulia. Msimu wa kuwinda kwale nchini Uingereza huanza tarehe 1 Septemba na kuisha tarehe 1 Februari, nao unalingana vizuri na haja ya mfungaji, ambaye alikusanya mabawa na ngozi wakati wa baridi, akazikausha, akazihifadhi zisiliwe na nondo, kisha akafunga nzi wake jioni za miezi ambayo mto ulikuwa umefungwa kwa uvuvi.

Kwale hakuwa peke yake. Nyika za juu za Yorkshire, zilizojaa vichaka vifupi na maji ya matope, zilikuwa na ndege wengi wa kuwindwa, na karibu kila mmoja alipata nafasi yake katika kisanduku cha mvuvi. Kukuziwa, yule ndege mweusi wa madimbwini, alitoa manyoya madogo ya upande wa ndani wa bawa, yenye rangi ya moshi na mng'ao hafifu wa zeituni; manyoya hayo, yakifungwa mbele ya hariri ya njano iliyopakwa manyoya kidogo ya panya wa majini au ya fuko, yalitoa nzi aitwaye Waterhen Bloa, ambaye mpaka sasa ni tegemeo la wavuvi wa mwanzo wa majira ya kuchipua, wakati wadudu wa zeituni aina ya Baetis rhodani wanapotoka katika siku za baridi. Ndege wa vinamasi mwenye mdomo mrefu, Gallinago gallinago, alitoa manyoya meusi madogo ya ukingo wa nje wa bawa, na haya yalioanishwa na hariri ya zambarau. Ndege mchanga wa nyika, Lagopus, aliyewindwa kuanzia tarehe 12 Agosti, alitoa manyoya ya kijivu mepesi ya chini ya bawa, na manyoya hayo hayakuweza kupatikana kwa ndege aliyekomaa, kwa sababu yakizeeka hubadilika. Bawa moja la ndege mmoja lilikuwa na manyoya ya rangi mbili au tatu zilizohitajika kwa nzi tofauti, na mfungaji aliyesema tu kuwa anahitaji bawa la ndege fulani alikuwa hajasema lolote. Ilimpasa aseme kama ni upande wa ndani au wa nje, na kama ni safu ya kwanza au ya pili kutoka ukingoni.

Hariri nayo ilichaguliwa kwa ukali uleule. Katika nzi wengi wa Yorkshire mwili mzima ni uzi wa kufungia wenyewe, bila kitu kingine, na uzi huo ulipendwa uwe mwembamba kadiri ilivyowezekana ili umbo lisivimbe. Kampuni ya Pearsall, iliyoanzishwa mwaka 1795, ilitengeneza hariri ambayo vizazi vya wafungaji viliiamini kiasi kwamba mapishi ya nzi yalitaja rangi zake kwa namba. Hariri ikilowa hubadilika rangi: ile ya rangi ya chungwa huelekea wekundu wa kahawia, na ile ya njano hufifia na kuruhusu weusi wa ndoana uonekane kwa ndani. Wafungaji hawakukubali mabadiliko hayo yatokee kwa bahati, bali waliyaongoza kwa nta. Uzi wa njano uliosuguliwa kwa nta nyeusi ya washona viatu hugeuka kuwa wa zeituni, na kadiri unavyosuguliwa zaidi ndivyo unavyokoza, hivyo mtu mwenye kidonge kimoja cha hariri ya njano na kipande cha nta aliweza kupata rangi za wadudu kadhaa. Aliyetaka uhakika alikitumbukiza kipande cha uzi ndani ya maji na kukitazama dhidi ya mwanga kabla hajafunga hata nzi mmoja, maana rangi ya dukani haikuwa na maana yoyote kwa samaki.

Kwa muda mrefu maarifa hayo yalipitishwa kwa mdomo na kwa orodha za mkono zilizobaki ndani ya familia, na maarufu miongoni mwa zilizosalia ni orodha ya John Swarbrick ya nzi wa bonde la Wharfe, iliyoandikwa mwaka 1807. Kitabu kilichoyatoa nje kwa mara ya kwanza kwa nguvu ya hoja kilitoka Uskoti. W. C. Stewart alichapisha kitabu chake, The Practical Angler, mjini Edinburgh mwaka 1857, akitetea uvuvi wa kuelekea juu ya mto ili samaki, ambaye siku zote huelekeza kichwa chake kunakotoka mkondo, asimwone mvuvi aliye nyuma yake. Stewart alijitosheleza kwa buibui watatu. Mweusi alifungwa kwa unyoya mdogo wa kwezi dume na hariri ya kahawia, naye alimpata kwa mvuvi mashuhuri James Baillie. Mwekundu alifungwa kwa unyoya wa nje ya bawa la ndege wa mashamba ya nyasi aitwaye kisayansi Crex crex na hariri ya njano. Wa kijivu alifungwa kwa unyoya laini wa nje ya bawa la Charadrius morinellus, ndege wa vilele vya milima. Kuhusu huyo wa tatu, Stewart aliandika bayana kwamba ndege huyo ni adimu mno, na kwamba unyoya mdogo wa ndani ya bawa la kwezi hufaa sana badala yake. Kauli hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Mwandishi aliyethibitisha aina ya nzi ndiye huyohuyo aliyemfundisha msomaji kuacha kiungo chake cha asili, kwa sababu alichokitafuta kilikuwa ulaini na rangi, na jina la ndege lilikuwa njia fupi tu ya kuvitaja. Hata namna yake ya kufunga ilithibitisha hilo: aliusokota unyoya pamoja na uzi na kuuzungusha mwilini, ili kitu kilicho laini kiasi hicho kisikatwe na meno ya samaki.

Thomas Evan Pritt, mwandishi wa safu ya uvuvi katika gazeti la Yorkshire Post, alifanya kazi ya aina nyingine. Kitabu chake Yorkshire Trout Flies cha mwaka 1885, kilichorudiwa mwaka uliofuata kwa jina la North-Country Flies, kilikusanya nzi 62 pamoja na michoro iliyotiwa rangi, na wengi wao walikuwa wa unyoya uliozungushwa badala ya wale wenye mabawa yaliyosimamishwa mgongoni. Harfield Edmonds na Norman Lee walikwenda mbali zaidi katika Brook and River Trouting, kilichochapishwa Bradford mwaka 1916, wakapiga picha za rangi za manyoya yenyewe yakiwa bado hayajafungwa, na katika nakala chache maalumu wakabandika hariri, manyoya ya ndege na ya wanyama halisi, ili msomaji alinganishe kile alichonacho mkononi na kile kilicho ukurasani. Hakuna maelezo ya maneno yanayoweza kushindana na kitabu cha namna hiyo. Hata hivyo vitabu hivi vizuri vilileta hasara moja: orodha ikishachapishwa hugeuka kuwa sheria, na baada ya Pritt wako waliotafuta unyoya uliotajwa hata pale ambapo unyoya uliokuwa karibu nao ulifaa zaidi kwa mto wao.

Tofauti kati ya desturi hii na ile ya nzi wa samaki salmoni wa enzi hiyohiyo ni kubwa mno. Nzi wa salmoni walioelezwa na George Kelson katika kitabu chake cha mwaka 1895 walikusanya manyoya ya ndege wa Amerika ya Kusini, India na Mashariki ya Mbali katika ndoana moja, na kuwafunga kulidai fedha na uhusiano na biashara ya milki. Nzi wa Yorkshire alitokana na ndege waliolika mezani, na aliyemfunga aliweza kuwa fundi, mkulima au karani. Kuna ubora wa akili katika ufukara huo wa malighafi ambao nzi wa kifahari hawakuufikia, kwa kuwa kila kilichokuwamo kilikuwamo kwa kazi yake.

Mwishoni mwa karne ya 19 heshima ilihamia kusini, kwenye mito tulivu ya chokaa, ambako Frederic Halford alitetea nzi akaaye juu ya maji, mwenye unyoya mgumu wa jogoo, na kwa wafuasi wake kuvua chini ya maji kukawa jambo la kuonewa haya. G. E. M. Skues, katika kitabu chake Minor Tactics of the Chalk Stream cha mwaka 1910, alionyesha kuwa trauti wa mito hiyohiyo walikuwa wakila chini ya uso wa maji, na akarudisha unyoya laini mahali ulipokuwa umefukuzwa. Huko Pennsylvania, Marekani, James Leisenring alichapisha mwaka 1941, akisaidiwa na Vernon Hidy, kitabu kidogo juu ya nzi wa majini, akieleza jinsi ya kusokota manyoya ya mnyama kati ya nyuzi mbili za hariri ili rangi ya hariri ipenye kutoka ndani. Kitabu hicho kilipita bila kelele nyingi, na ni Sylvester Nemes, kwa kitabu chake cha mwaka 1975, aliyewafanya Wamarekani wawatazame tena nzi hao wenye sehemu mbili.

Wakati huo ndege wenyewe walikuwa wamepungua. Sheria ya Ulinzi wa Ndege ya mwaka 1954 na ile ya wanyamapori na mashamba ya mwaka 1981 ziliwatoa Charadrius morinellus na Crex crex mikononi mwa wafungaji, na ilikuwa haki kabisa kufanya hivyo. Huyu wa pili ana uhusiano wa kweli na Afrika Mashariki, kwani huzaliana katika nyasi ndefu za Ulaya na kuhamia mbuga za mashariki na kusini mwa Afrika wakati wa baridi ya kaskazini. Kilichomwangamiza nchini Uingereza kilikuwa mashine za kukata nyasi, ambazo ziliingia mashambani kabla makinda hayajaweza kukimbia. Mahali pake wafungaji waliweka unyoya wa kwezi uliotiwa rangi au wa kuku jike wa rangi ya udongo mwekundu, na mahali pa yule wa milimani wakaweka kwezi yuleyule aliyependekezwa na Stewart. Wanaolalamika kwamba nzi hao si halisi tena wanasahau kilichoandikwa mwaka 1857.

Trauti naye alihamishwa. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliingiza trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, katika mto Gura kwenye safu ya milima ya Aberdare nchini Kenya, na baadaye kazi ya kufunga nzi bandia ikawa ajira ya mikono nchini humo, ikifanywa kwa sehemu kubwa na wanawake ambao nzi wao huuzwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Fundi wa Kenya anayezungusha unyoya wa kwale kwenye ndoana hukabiliwa na maswali yaleyale ya ulaini, urefu na rangi, ijapokuwa ndege aliyetoa unyoya huo hajawahi kuonekana katika vilima vyake.

Na kwale wa kijivu mwenyewe, aliyekuwamo tangu mwaka 1496, sasa ndiye mwenye mashaka. Utafiti ulioanza Sussex mwaka 1968 chini ya Dick Potts ulionyesha kwamba dawa za kuua magugu ziliondoa mimea inayobeba wadudu, na makinda ya kwale, ambayo katika wiki zao za kwanza huhitaji wadudu ili kuishi, yakafa kwa wingi. Yule kwale mwenye miguu myekundu, Alectoris rufa, ambaye hufugwa na kuachiliwa kwa maelfu kwa ajili ya uwindaji, hawezi kuziba pengo hilo, kwa kuwa manyoya ya mgongo wake hayana vile vistari vyeusi. Wakulima wanaoacha kingo za mashamba yao bila dawa ili magugu na wadudu warudi ndio wanaomrudisha kwale wa kijivu, na pamoja naye unyoya ambao wafungaji bado hawajaupatia mbadala unaolingana nao.